Ulikuja Mwezi wa Ngapi?

Nilifika Chinongwe, wilayani Ruangwa, kwa mara ya kwanza mwezi Februari. Mahindi yalikuwa bado machanga shambani, maghala matupu, na fedha ya korosho ilikwisha kwenye madeni na sare za shule. Nilikuwa mtu wa ufuatiliaji na tathmini katika mradi wa lishe. Tulitandika mkeka, tukapima mikono ya watoto kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 na zaidi ni kijani. Kisha nikauliza swali la dodoso: tangu jana asubuhi hadi usiku, mtoto alikula nini? Wengi walijibu: ugali wa muhogo na mlenda.

Mradi ulipokaribia kwisha nilirudi kupima. Ilikuwa Julai. Mahindi yalishavunwa, kunde na karanga zilikuwamo ndani, fedha ya ufuta ilileta dagaa. Njano zilipungua. Nikaandika kwamba mafunzo yetu ya lishe kwa akina mama yamezaa matunda, na ripoti nikaisoma mbele ya mkutano wa kijiji.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. Nikamwamkia.

“Marahaba, mjukuu wangu. Mara ya kwanza ulikuja mwezi wa ngapi?”

“Wa pili, bibi.”

“Na safari hii?”

“Wa saba.”

“Basi umepima mavuno.”

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliwaandikia wakubwa wangu kwamba takwimu zile zisitumike, nikaomba tupime tena Februari. Tulipopima, sehemu kubwa ya mafanikio yale haikuwapo.

Safari hiyo nilikaa jikoni na akina mama badala ya kukimbilia dodoso. Msimu wa palizi mama huondoka alfajiri, shamba liko mbali, mtoto huachiwa dada yake ambaye naye bado ni mdogo. Hunywa uji asubuhi, kisha husubiri hadi jioni. Masomo ya lishe mama aliyajua vizuri. Mchana hakuwapo nyumbani. Katika dodoso letu lote hapakuwa na swali la nani anamlisha mtoto mchana.

Kijiji kikakubaliana: kila kaya itenge unga na karanga wakati wa mavuno, na miezi ya palizi wanawake wazee wapike uji wa mchana kitongojini. Nasi tukapima kila miezi mitatu, matokeo yakisomwa kwanza mkutanoni, ndipo yaende wilayani. Iringa walishaionyesha njia hiyo miaka ya 1980, katika mradi uliosaidiwa na UNICEF na WHO: vijiji vyenyewe vilipima watoto, vikajadili matokeo na kuamua la kufanya. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo darasani. Chinongwe ndiko nilikoielewa.

Tangu hapo, ripoti ya lishe ikifika mezani kwangu, natafuta kwanza mwezi waliopima, ndipo nasoma asilimia.