Sabuni Ikae Jikoni

Habari ya choo tumefundishwa vya kutosha. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakachimba vyoo. Babu yangu alichimba chake mwaka huo huo. Kazi ile ilikuwa kubwa na imeokoa watu wengi.

Leo nataka tuzungumze juu ya jiko.

Mimi ni bibi shamba. Nina cheti cha kilimo. Nimefanya kazi na wakulima wa mboga na wafugaji wa kuku pembeni mwa jiji la Dar es Salaam, kwanza upande wa Kinondoni, huko Bunju na Mabwepande, na sasa upande wa Temeke, huko Chamazi na Toangoma. Mimi si daktari. Lakini mboga ninayosimamia ikiwa tutani ndiyo inayoingia jikoni, na yaliyoko kwenye majani yake huingia nayo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kuhara kuna visababishi vingi. Kimojawapo ni virusi vya rota, ambavyo watoto wa Tanzania wanachanjwa tangu mwaka 2013. Vingine ni bakteria. Bakteria ni kiumbe hai mdogo mno. Jicho halimwoni. Wataalamu humwona kwa hadubini.

Mwaka 1884 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, akiwa Calcutta huko India, alimtambua bakteria wa kipindupindu. Alisema amepinda kama alama ya mkato. (Koch huyo huyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akachunguza malaria.) Mwaka 1885 daktari mwingine, Theodor Escherich, alieleza habari za bakteria anayeishi matumboni mwa watu na wanyama. Leo anaitwa E. koli, kwa heshima ya jina lake. E. koli wengi hawana madhara. Wako wachache wanaoharisha, na hao huwaonea zaidi watoto.

Kipindupindu tunakijua. Kilitangazwa Tanzania mara ya kwanza mwaka 1974. Mwaka 1997 wagonjwa walizidi 40,000 nchini, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mwezi Agosti 2015 kilizuka tena, kikaanzia Kinondoni, kikaenea katika mikoa mingi na kufika Zanzibar. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2018 wagonjwa walikuwa wamezidi 30,000, na waliokufa wamezidi 500. Nakumbuka siku zile. Watu walisalimiana kwa kupungiana mkono. Kila mlango wa mgahawa ulikuwa na ndoo ya maji yenye bomba, na sabuni juu yake. Ugonjwa ulipopungua, ndoo nyingi ziliondoka. Za mahali pengine zilibaki, ila sabuni haikuonekana tena.

Tatizo ni kwamba kipindupindu huja na kuondoka, lakini kuhara kwa kawaida kupo mwaka mzima. Wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Norway walichunguza watoto 280 wenye kuhara katika hospitali za Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Watoto 64 kati yao walikuwa na E. koli wale wabaya. Hao ni zaidi ya mtoto mmoja katika kila watano. Tena wengi wa bakteria hao hawakufa kwa dawa tulizozoea kununua dukani, kama ampisilini na tetrasaiklini. Wafugaji wangu wa kuku nao hununua tetrasaiklini na kuitia katika maji ya kuku bila kuuliza mtu. Dawa hizo tunazichezea kwa pande zote mbili.

Sasa nieleze kisa kimoja. Mama mmoja wa Chamazi analima mchicha na matembele, na nyuma ya nyumba ana kuku. Siku moja aliniita nikamwangalizie mboga zinazokauka ncha. Tulipomaliza akanionyesha kadi ya kliniki ya mwanawe wa miezi 14. Mstari wa uzito ulikuwa umelala.

"Bibi shamba," akaniambia, "maji ya kunywa nachemsha. Choo ninacho, kina mfuniko. Mtoto anaharisha kila mwezi. Wananiambia meno. Meno gani haya yasiyokwisha?"

Sikumjibu pale pale. Niliketi naye jikoni akiandaa chakula cha mchana. Alichambua mchicha aliotoka kuung'oa, mizizi ina udongo. Alikata nyanya na kitunguu kwa ajili ya kachumbari. Mtoto akalia. Akafuta mikono kwenye khanga, akambeba, akamlisha kipande cha ndizi kwa vidole. Akarudi kwenye mboga. Kisha akachota maji ya kunywa kwa kikombe, vidole vimezama ndani. Alikuwa mama safi. Nyumba yake imefagiwa, vyombo vyake vinang'aa. Kila alichofanya pale mimi nimekiona katika nyumba mia moja.

Hapo ndipo nilipomweleza juu ya utafiti mmoja ninaotamani kila mwanamke wa nchi hii ausikie, na kila mwanamume anayepika. Ulifanywa hapa hapa Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2011. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani na wenzao waliwafuata akina mama 119 majumbani mwao. Waliwatazama wakifanya kazi zao za kila siku. Kila baada ya muda waliwaosha mikono kwa maji maalumu, wakayapima maji hayo. Walitafuta bakteria ambao huonyesha kwamba kinyesi, cha mtu au cha mnyama, kimefika mahali.

Kwenda chooni kuliongeza bakteria mikononi. Kumtawaza mtoto, vilevile. Hayo tuliyategemea. Kufagia nako kuliongeza. Kuosha vyombo kuliongeza kidogo, wastani wa bakteria 50 hivi katika mikono miwili. Lakini kazi iliyoongeza kupita zote ilikuwa kuandaa chakula. Wastani wake ulikuwa bakteria 6,310.

Soma tena namba hiyo, ndugu yangu. Mama anaingia jikoni na mikono yenye nafuu, naye anaichafua humo humo akipika.

Mimi sikushangaa sana, maana najua mboga inatoka wapi. Wakati wa masika wako watu pembeni mwa jiji wanaotapisha vyoo. Wanafungua shimo usiku, uchafu uende na maji ya mvua. Maji hayo yanaingia mtoni na katika visima vifupi. Mkulima anachota hapo hapo kumwagilia. Wengine wanatia tutani samadi ya kuku mbichi, ya jana. Kisha mboga inapelekwa sokoni, na muuzaji anainyunyizia maji ya ndoo ile ile tangu asubuhi ili isinyauke. Nyama na samaki navyo vinapita mikono mingi kabla ya kufika kwako.

Utasema, mchicha unapikwa, basi bakteria wanakufa. Ni kweli. Ukichemka vizuri wanakufa. Lakini mikono yako haiingii sufuriani. Ile mikono iliyochambua mchicha ndiyo inayokata kachumbari isiyopikwa, ndiyo inayomlisha mtoto ndizi, ndiyo inayozama katika maji ya kunywa. Utafiti mwingine wa mwaka 2010, wa hapa Dar es Salaam pia, ulionyesha kwamba maji yaliyohifadhiwa nyumbani yalikuwa machafu kuliko pale yalipotekwa. Pia ulionyesha kwamba uchafu wa maji hayo uliambatana na uchafu wa mikono. Kwa hiyo yule mama alichemsha maji kwa kuni alizonunua kwa fedha, kisha vidole vikayaharibu.

Angalieni pia desturi yetu ya kunawa. Kabla ya kula tunanawa maji matupu. Baada ya kula ndipo tunaomba sabuni, tuondoe harufu ya samaki! Na katika nyumba nyingine bado bakuli moja linazunguka. Baba anatumbukiza mikono kwanza, wageni wanafuata, mtoto mdogo anamalizia maji yaliyobaki. Maji ya kunawa yamiminwe kutoka juu, yadondoke chini, yasirudi.

Sabuni inafanya kazi gani? Bakteria hushika katika mafuta na utelezi wa ngozi. Maji peke yake hupita juu. Sabuni hulegeza mafuta, bakteria wakaondoka nayo. Ukikosa sabuni, majivu safi ya jikoni husaidia.

Kisha kuna uji wa mtoto. Bakteria akipata chakula na joto anaweza kujigawa kuwa wawili kila dakika 20. Tuseme mama amepika uji saa 12 asubuhi. Umepoa, akauonja kwa kidole, bakteria mmoja akaingia. Saa 1 wako 8. Saa 2 wako 64. Saa 3 ni 512. Ifikapo saa 7 mchana, mtoto anapopewa uji uliobaki, wanaweza kuwa wamepita milioni 2. Pika kidogo, mtoto amalize. Ukibaki, uchemshe tena mpaka utokote, kisha upoe ukiwa umefunikwa.

Kwa wakulima wenzangu nina maneno machache, na baadhi hawatayapenda. Samadi lazima ioze. Irundike pamoja na majani, igeuze, iachwe mpaka ipoe na inuke udongo. Hiyo ni kazi ya miezi mitatu hivi, si wiki mbili. Mwagilia chini kwenye shina, usimwage juu ya majani. Kama maji yako ni ya mtoni, acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, maana jua linaua bakteria wengi. Najua mtaniambia kwamba mchicha utanyauka na mnunuzi ataukataa. Ni kweli unapungua uzito. Basi tafuteni maji ya kisima kirefu kwa siku hizo za mwisho. Wakulima watano wa Toangoma wanachangia kununua madumu, na mboga zao haziangushwi na jua.

Mtoto akishaanza kuharisha, usingoje. Mpe maji ya chumvichumvi yanayotolewa kwa pakiti. Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya sawa, visijazwe kilima. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kituo cha afya kitampa vidonge vya zinki, navyo amalize siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekwisha. Ukiona damu katika kinyesi, au macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, au anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, mpeleke hospitali saa ile ile.

Yule mama wa Chamazi alikuwa na sabuni tangu zamani. Ilikuwa bafuni, kwenye kopo. Tulichofanya ni kuihamisha. Tulitoboa dumu la lita 5 kwa msumari wa moto, tukalitundika kwenye miti miwili nje ya mlango wa jiko, tukafunga kamba mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ni kibuyu chirizi, mnakijua. Sabuni inaning'inia pembeni katika kipande cha wavu. Ananawa akimaliza kuchambua mboga, kabla ya kushika kachumbari, maji au mtoto. Maji ya kunywa anayachota kwa kata yenye mpini mrefu.

Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu. Mwaka huu ameharisha mara moja, wakati wa masika. Siwezi kusema ni sabuni peke yake iliyofanya hivyo, maana amekua, na kuku sasa wamejengewa banda. Mama analalamika juu ya jambo moja tu: watoto wa jirani wanapenda kukanyaga kile kijiti wayaone maji yakichirizika, na ikifika saa 6 mchana dumu ni tupu, inambidi alijaze tena kabla ya kusonga ugali.