Amana ya Mistri

Ninayo nyumbani kwangu pikipiki moja ambayo si yangu. Nimeijenga kwa mikono yangu, nimeitolea jasho na fedha, na kila asubuhi huifuta vumbi. Lakini mtu akiniuliza ni ya nani, humjibu kwamba mwenyewe yuko mbali. Leo nataka kueleza jinsi ilivyonifikia, kwani ndani ya habari hii mna jambo linalotuhusu sisi askari na jamaa zetu, na mna funzo la ufundi ambalo nusura linipotezee mwanangu.

Baba yangu alikuwa askari polisi mjini Jinja. Karibu na kambi yetu palikuwa na karakana ndogo ya Kalasinga mmoja, fundi hodari wa pikipiki, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Mistri, maana neno hilo kwa lugha yake ni fundi. Baba alipotoka kazini alizoea kuketi pale, naye Mistri alimfundisha kutofautisha mlio wa valvu iliyolegea na mlio wa pistoni iliyochakaa. Mimi, mtoto wa miaka kumi, nilipewa kazi ya kuosha nati kwa mafuta ya taa.

Mistri alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, Triumph Tiger 110 ya mwaka 1957, yenye silinda mbili na ujazo wa sentimita 649. Juu ya meza yake ya kazi alikuwa amebandika picha iliyokatwa katika gazeti la Kiingereza, nayo ilikuwa ya pikipiki yenye injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Waingereza walimwita chotara huyo Triton, kwa kuyaunga majina ya wazazi wake wawili.

Mistri hakuchoka kutueleza habari za picha ile. Fremu ya Norton ilibuniwa na Rex McCandless, mtu wa Belfast, nayo ikaanza kushindana mwaka 1950. Mpanda pikipiki Harold Daniell alipoijaribu aliifananisha na kitanda cha manyoya kwa ulaini wake, na tangu siku hiyo ikaitwa Featherbed. Injini ya Triumph nayo ilisifiwa kwa nguvu, lakini fremu zake za zamani ziliyumba katika kona. Basi vijana wa Uingereza wakachukua moyo wa huyu wakautia katika mifupa ya yule. Mwaka 1965 Triton iliyojengwa na Dave Degens ilishinda mashindano ya saa 24 ya Barcelona, akipokezana usukani na Rex Butcher. Mistri alisema siku moja naye atajenga yake pale Jinja.

Siku hiyo haikufika. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Usiku mmoja tulisikia mlango ukigongwa polepole. Alikuwa Mistri, ameisukuma pikipiki yake bila kuiwasha, jasho likimtiririka.

"Afande," alimwambia baba, "hii sikuuzii wala sikupi. Nakuwekea."

Baba akajibu, "Ukirudi utaikuta."

Hapakuandikwa karatasi. Siku zile mali za waliofukuzwa zilikuwa zikigawanywa, na askari aliyeonekana anamhifadhia Mwasia kitu chake angeweza kupata mashaka makubwa. Usiku uo huo baba aliivunja pikipiki ile vipande vipande. Fremu, tangi na magurudumu aliyatupa nyuma ya nyumba kama vyuma visivyo na thamani. Injini na giaboksi alivipaka grisi, akavifunga katika magunia, na mwisho wa mwezi akavipeleka kijijini kwetu Busoga, chini ya kitanda cha bibi yangu.

Katika vurugu za vita vya mwaka 1979 vile vyuma vya nyuma ya nyumba vilitoweka vyote. Injini ilibaki. Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita akaniambia maneno manne tu: "Ni mali ya mtu." Sikuhitaji kuuliza anasema nini.

Mimi nami niliingia katika jeshi la polisi, nikawa fundi wa karakana, nikahamishwa wilaya hadi wilaya mpaka nilipostaafu. Je, miaka hiyo yote nilimtafuta Mistri? Hapana. Sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia waliofukuzwa njia ya kudai majumba na viwanda vyao, lakini nani angekuja kudai injini iliyo chini ya kitanda? Nilijiambia kwamba dunia ni kubwa. Ukweli, na leo naukiri, ni kwamba nilikuwa nimeanza kuiona kuwa yangu.

Nilipostaafu niliileta nyumbani nikaifungua. Grisi ya baba ilikuwa imefanya kazi yake. Pistoni zilikuwa zimeganda, nikazilowesha kwa dizeli na mafuta ya injini kwa majuma mawili mpaka zikaachia. Ndani ya kombo la injini hizi mna tundu linalonasa uchafu wa mafuta. Asiyelijua hulisahau, na likiziba, injini hukosa mafuta ikajiua. Nililisafisha. Magneto, yaani chombo kinachozalisha cheche bila msaada wa betri, ilibidi isukwe nyaya mpya. Hatimaye niliifunga injini juu ya meza ya chuma, nikaipiga teke la nne, ikanguruma. Majirani walitoka nje, nami nililia kama mtoto.

Furaha ile ndiyo iliyonipumbaza. Nilitaka kuipanda upesi, nami fremu sikuwa nayo. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea, nikamchorea umbo, akaniundia fremu kwa mabomba ya maji. Kwa macho ilipendeza, na bei yake ilikuwa nafuu. Mimi, niliyewafokea vijana karakanani miaka zaidi ya thelathini kwa kazi za namna hiyo, niliipaka rangi nyeusi ili nisiyaone maungio yake.

Naomba askari vijana wanaopenda pikipiki wanisikilize hapa. Mzigo mkubwa wa fremu uko shingoni, pale uma wa mbele unapoingia. Ukifunga breki, uzito wote hukimbilia hapo. Gurudumu likiingia shimoni, kishindo chote hupiga hapo. Tena injini hii ya Triumph ina pistoni mbili zinazopanda na kushuka pamoja, na mtikisiko wake hauishi. Bomba la maji limetengenezwa ili kupitisha maji. Fremu za Norton za mashindano zilijengwa kwa mabomba ya chuma cha Reynolds 531 yasiyo na mshono, yakaungwa kwa kuyeyusha fimbo ya shaba, ambayo moto wake ni mdogo kuliko wa kuyeyusha chuma chenyewe, ili bomba lisipoteze nguvu kando ya kiungo. Yetu iliunguzwa kwa umeme, na kando ya kila kiungo chuma kilikuwa kimekuwa kikavu kama kuni.

Mwanangu wa pili aliomba kuijaribu. Hakufika mbali. Shingo ilikatika kando ya kiungo, uma ukajikunja chini, naye akarushwa barabarani. Mungu alikuwa pamoja naye: alivunjika mtulinga na kuchubuka uso, basi. Nilipofika nilikuta injini imelala ubavu, bado inanguruma, na mwanangu anajaribu kuinuka ili aizime.

Usiku ule mama watoto hakunipigia kelele. Aliketi kando ya kitanda cha mtoto, akasema kwa sauti ya chini: "Baba yako alihatarisha kazi yake kuitunza mali ya mtu. Wewe umemweka mwanao juu ya bomba la maji ili uistarehekee. Mtafute mwenye mali. Kabla hujampata, usiiguse."

Sikuwa na la kumjibu. Maneno yale yalikuwa ya haki, na kwa askari aliyezoea kutoa amri yalikuwa mazito kuyabeba.

Nilimwandikia mpwa wangu anayefanya kazi Leicester, Uingereza, mji ambao Waasia wengi waliotoka Uganda walihamia. Alikwenda katika hekalu la Makalasinga, akauliza wazee juu ya fundi pikipiki wa Jinja. Alizungushwa kwa muda, mwishowe akaelekezwa kwa mama mmoja wa makamo. Alikuwa binti wa Mistri. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Nilipozungumza naye kwa simu nilijaribu Kiingereza changu cha kiaskari, naye akanijibu kwa Kiswahili cha Jinja, kimepata kutu kidogo lakini kizima. Akaniomba nisome namba iliyogongwa upande wa kushoto wa injini, chini ya silinda. Nikasoma tarakimu moja baada ya moja. Yeye alikuwa ameshika kitabu cha pikipiki ile, kwani baba yake alikichukua alipoondoka. Nilipomaliza palikuwa kimya kirefu. Kisha akasema, "Baba alituambia kila mara kwamba iko kwa afande. Sisi tulidhani anajifariji."

Nilimweleza kila kitu, pamoja na bomba la maji na mtulinga wa mwanangu, nikamwambia niko tayari kumpelekea injini yake. Aliomba siku chache azungumze na ndugu zake. Jibu lao lilikuwa hivi: injini ikae Uganda, lakini isiuzwe; nami nikikubali kuijenga kama baba yao alivyotamani, wao wataleta fremu.

Kumbe fremu za umbo la Featherbed bado huundwa na mafundi wa Uingereza, kwa kuwa watu wanaojenga Triton hawajaisha. Ilifika imefungwa kwa maboksi na matambara. Nililipa ushuru, nikaifungua mbele ya mke wangu na mwanangu. Ni mabomba mawili tu, moja kila upande, yanayozunguka injini na kurudi kupishana shingoni. Mwanangu alipitisha kidole juu ya kila kiungo bila kusema neno.

Kuijenga kulichukua miezi minane. Injini ya Triumph haikai katika fremu ya Norton kwa mapenzi tu. Yahitaji mabamba ya kuiunganisha. Niliyakata kwa alumini ya unene wa milimita 10, baada ya kuyakata kwanza kwa kadibodi mara nne. Injini nikaisogeza mbele na chini, ili gurudumu la mbele lishike barabara. Katika injini ya mwaka 1957 giaboksi iko mbali na injini, kwa hiyo meno ya injini na meno ya klachi hayana budi kukaa katika mstari mmoja. Yakipishana kidogo, cheni hujila yenyewe. Niliyapima kwa rula ya chuma asubuhi na jioni. Juu, kichwa cha injini nikakifunga kwenye fremu kwa bamba lake, kwani bila hilo mtikisiko hupasua kila kitu. Uma na magurudumu nilivitoa katika pikipiki kuukuu niliyoinunua mnadani, na fundi wa kukereza akanitengenezea bushi za kuvipatanisha. Tangi la petroli na lile la mafuta ya injini viligongwa na fundi bati wa mtaani, kazi safi kabisa. Mwanangu alikuwa pamoja nami kila jioni, akishika taa kwa mkono wa upande wake mzima.

Siku ya kuiwasha nilimpigia simu binti wa Mistri. Mke wangu aliishika simu karibu na bomba la moshi. Injini iliwaka kwa teke la tatu. Niliiacha ingurume taratibu mpaka ikapata moto, kisha nikaizima. Binti wa Mistri alikuwa akilia. Akasema mlio ule ndio aliokuwa akiusikia jioni, akijua kwamba baba amerudi na chakula kipakuliwe.

Mimi mwenyewe niliipanda miezi mitatu, nikikagua shingo ya fremu kila nirudipo, kabla mama watoto hajamruhusu kijana kuikaribia, tena kwa kofia ya chuma na barabara isiyo na magari. Haiyumbi katika kona. Mistri alisema kweli.

Ndugu askari wenzangu, tunapitia miji mingi, na watu hutuachia vitu wakituamini kwa sababu ya sare. Sare hurudishwa stoo siku ya kustaafu. Kilichoachwa mikononi mwetu hakirudi stoo. Mimi nilichelewa, na Mistri alikufa bila kupata habari. Hilo siwezi kulitengeneza kwa spana yoyote.

Tumeandikiana na binti wa Mistri barua fupi yenye sahihi mbili, inayosema kwamba pikipiki ni ya jamaa yao na mimi ni mtunzaji. Nakala yake iko katika sanduku la mke wangu. Juzi mwanangu aliniuliza itakuwaje nikifa. Nilimwambia maneno manne tu, naye akaitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa akaendelea kuifuta.