Pomboo wa Kisite na Akiba ya Pumzi

Kutoka Shimoni, Pwani Kusini, mashua hukupitisha kisiwa cha Wasini hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Pezi likichomoza majini, watoto hupiga kelele, "Samaki!" La hasha. Pomboo ni mnyama anyonyeshaye, mwenye mapafu kama wewe msomaji, na asipoibuka atakufa maji.

Hupumua kwa tundu lililo utosini, na kwa pumzi moja hubadilisha sehemu kubwa ya hewa ya mapafuni. Akizama, moyo hupunguza mapigo na damu huelekezwa zaidi kwenye ubongo. Misuli nayo ina akiba ya oksijeni, iliyoshikwa na protini iitwayo mayoglobini. Hata usingizi wake ni wa nusu: upande mmoja wa ubongo hulala, mwingine hukesha ili apate kupumua.

Mwaka 2020 watafiti waliripoti kuwa nyangumi mmoja wa aina ya Cuvier, katika pwani ya North Carolina, Marekani, alikaa chini dakika 222. Mimi hata dakika moja hainifiki! Pomboo wa Kisite hawafikii huko. Huzama dakika chache tu.

Ndiyo sababu akinaswa na jarife chini, muda wake ni mfupi mno. Na nahodha anayewafukuza kwa injini ili abiria wapate picha huwavurugia mapumziko. Mwombe apunguze mwendo, akae mbali, angoje. Mara nyingine huja wenyewe, na mlio wa pumzi husikika kabla ya pezi kuonekana.