Unga wa Asubuhi

Nilizaliwa Machame, mahali ambapo mtoto akitumwa maji alfajiri anaiona theluji ya Kibo kabla hajaona uso wa jirani yake. Tuliiona kila siku na hatukuigusa. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona mwaka 1848, na habari zake zilipofika Ulaya wako wasomi waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Kwetu hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Ila ungemwambia bibi yangu kwamba mjukuu wake atakuja kulipwa mshahara kwa kusimama ndani ya theluji, akiwasaidia watu wazima kukaa kwenye viti vinavyoning'inia, angesema umekunywa mbege tangu asubuhi.

Ndiyo kazi niliyoipata Utah, Marekani. Nilisimama chini ya lifti ya viti katika kituo kimoja cha kuteleza kwenye theluji, milima ya Wasatch, juu ya mji wa Salt Lake City. Siku ya mapumziko mfanyakazi hupanda bure. Mwezi wa kwanza nilianguka tu. Mwezi wa pili nikaanza kusimama. Kufikia msimu wa tatu nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa ambao watu wa kule wanaujua vizuri, ugonjwa wa unga.

Nieleze, maana ndugu wengi nyumbani hudhani theluji ni theluji. Theluji iliyokanyagwa na watu elfu ni ngumu kama sakafu. Lakini ile iliyoanguka usiku, katika baridi kali, ambayo haijaguswa na mtu, ni laini kuliko unga wa sembe uliochekechwa. Ukiishika haikai mkononi. Ukishuka ndani yake husikii mlio wa skii zako, miguu haigusi kitu kigumu, na theluji inapanda hadi kifuani na kukupiga usoni kama pumzi. Nimejaribu mara nyingi kumweleza mke wangu na nimeshindwa. Yeye anasema ni kuanguka kwa heshima.

Bonde la Little Cottonwood, ambako kuna kituo cha Alta, hupata wastani wa zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu. Utadhani inatosha kila mtu. Haitoshi. Dhoruba ikipita, magari hupanga foleni kwenye ile barabara moja ya bondeni kabla ya kupambazuka, taa nyekundu nyuma ya taa nyekundu hadi chini mjini. Lifti zinafunguliwa saa tatu, na kufikia saa tano mteremko ulio wazi umekwisha kuchorwa mistari kama shamba lililolimwa na trekta. Usiku mzima mbingu zimefanya kazi, na saa mbili zimetosha kuiharibu.

Kwa hiyo mtu anajifunza ujanja. Nilijifunza kuamka saa kumi alfajiri na kutazama hali ya hewa, si kiasi cha theluji tu bali namna ilivyokuja. Dhoruba nzuri huanza na theluji nzito na kumalizia na nyepesi, ili unga ukae juu ya tandiko imara. Ikija kinyume, nyepesi chini na nzito juu, miguu inanasa na mlima wenyewe unakuwa hatari. Nilijifunza kwenda wakati theluji bado inaanguka na upepo unavuma, maana watu wengi husubiri jua litoke kesho yake, na kesho yake hakuna kitu. Siku kama hiyo huoni mbele kwenye uwazi, lakini ukiingia kati ya misonobari macho yanapata vigogo vya kushikilia. Miteremko inayotazama kaskazini hulinda unga kwa siku kadhaa kwa sababu jua la majira ya baridi haliifikii vizuri. Upepo nao, ambao wengi huulaani, huchukua theluji upande mmja wa kilima na kuimwaga upande mwingine, na njia zilizokatwa saa nne unazikuta zimejaa tena saa sita. Saa sita hiyo hiyo wengi wamekwenda kula. Mimi nilikula mkate mfukoni, nimekaa kwenye lifti kuukuu ya viti viwili ambayo wenye haraka huidharau kwa kuwa inakwenda polepole.

Halafu kuna kamba. Walinzi wa mlima hufunga sehemu za juu mpaka wazifanye salama kwa kulipua maporomoko kabla hayajaanguka yenyewe. Wakifungua kamba saa tano, aliyengoja pale anapata alichokikosa aliyefika wa kwanza asubuhi. Kamba sikuivuka kamwe, na kwa jambo hilo nilijiona mtu mwadilifu sana.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Wateleza theluji wa Marekani wana msemo kwamba siku ya unga hakuna urafiki. Ni mzaha, maana yake usimngoje mtu, kila mmoja akimbilie chake. Niliucheka kama wengine. Kisha niliuishi.

Katika usharika wetu wa Kiswahili mjini, ambamo tumo Watanzania wachache, Warundi, na Wakongo wengi, yuko ndugu mmoja wa Bukavu tunayemwita Fundi. Ananiita yaya, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa (Mtanzania akisikia hilo hucheka, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto). Mimi ndiye niliyemfundisha kuteleza. Ibada yetu huanza saa nane mchana, kwa kuwa jengo ni la usharika mwingine nasi tunaazimwa wakimaliza wao. Hivyo Jumapili moja ya Januari, baada ya usiku wa theluji nzito, tuliona hakuna ubaya kupanda asubuhi na kurudi kwa wakati. Mke wa Fundi alisimama mlangoni amejifunga kitenge. Akaniambia, "Shemeji, unamchukua, basi umrudishe."

Tulipofika juu niliuona msitu ambao hakuna aliyeuingia. Hata alama moja haikuwemo. Fundi alikuwa anahangaika kufunga kiatu. Nyuma yetu lifti ilikuwa inamwaga watu wawili wawili, na kila mmoja alikuwa anatazama nilikokuwa natazama. Nilimwambia, "Nifuate, tutaonana chini." Nikaenda. Sikugeuka hata mara moja. Ulikuwa mteremko bora kuliko yote niliyopata maishani, na siwezi kuwadanganya ninyi wasomaji kwamba haukuwa. Nilipiga kelele za furaha peke yangu kati ya miti.

Chini sikumkuta. Nilingoja labda dakika mbili. Nikajiambia atakuwa amepita njia nyingine, nikapanda lifti tena.

Kuna jambo ambalo kila mfanyakazi wa kituo hufundishwa, na mimi nilikuwa nimefundishwa. Matawi ya msonobari huzuia theluji isishindiliwe kuzunguka shina, kwa hiyo chini yake hubaki shimo lililojaa theluji legevu. Mtu akianguka karibu na shina huingia kichwa chini, na kila akijitikisa theluji zaidi inamwangukia. Waliojaribiwa kwa makusudi, wakiwa na waokoaji kando yao, wengi walishindwa kujitoa. Hewa huisha upesi. Ndiyo sababu sheria ya msituni ni moja tu, kwamba usimwache mwenzako atoke machoni pako.

Nikiwa katikati ya safari, kiti kikining'inia juu ya msitu, nilisikia filimbi. Nikatazama chini. Niliona mwanamke mzee wa Kizungu amepiga magoti anachimba kwa mikono, na kando yake mtoto anapuliza filimbi, na kutoka kwenye theluji imetokeza skii moja ya bluu. Skii hiyo niliipaka nta mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile.

Lifti haimshushi mtu njiani. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka juu. Sijui kama zilikuwa dakika nne au tano. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi niliomba bila maneno ya mzee wa kanisa. Nilisema tu, usiniache, usiniache, ingawa aliyeachwa hakuwa mimi.

Nilipofika, walinzi wa mlima walikuwa wamekwisha mtoa. Alikuwa ameketi, midomo ya rangi ya majivu, anatema theluji. Yule bibi alikuwa anaipangusa miwani yake kwa kitambaa. Alikuwa amekuja kutafuta unga kama sisi sote, na mjukuu wake, na walikuwa wakishuka taratibu, ndiyo maana aliiona ile skii. Walikuwa wamepita wengine kabla yake.

Saa nane tulikuwa kanisani. Fundi alikataa kwenda hospitali baada ya walinzi kumpima. Ulipofika wakati wa ushuhuda alisimama, sauti imekauka, akamshukuru Mungu aliyemtoa shimoni. Kisha akasema, "Na namshukuru yaya, tulikuwa pamoja." Watu wakapiga vigelegele. Mkewe alikuwa kwenye kwaya, akanitazama na kuinamisha kichwa kwa shukrani. Nami, mzee wa kanisa, nilikaa kwenye kiti changu cha mbele nikapokea shukrani ile.

Nilikaa nayo mpaka mwezi wa nne, theluji ilipoanza kuyeyuka. Katika miezi hiyo nilisoma sana Kutoka sura ya 16. Inaifananisha mana na sakitu juu ya ardhi, na mtu aliyewahi kuona asubuhi ya unga anaelewa haraka kwa nini. Nilikuwa nimezoea kuisoma kama habari ya riziki ya kila siku. Nikaona sasa kwamba nusu ya sura ni habari ya watu waliokuwa na hofu kwamba haitatosha. Mungu aliwapa bure, wao wakaweka akiba, ikaoza. Sehemu ya kupimiana pishi niliisoma zaidi ya zote, pale inapoonekana kwamba aliyekusanya nyingi hakupata cha ziada. Mimi nilikuwa nimekusanya nyingi. Nilikuwa nimekusanya msitu mzima.

Nikaenda nyumbani kwa Fundi jioni. Alikuwa anatengeneza baiskeli ya mwanawe. Nilimwambia yote, hata zile dakika mbili za kungoja, hata zile kelele za furaha.

Hakuinua kichwa. "Nilijua, yaya. Niliona njia yako ikienda. Ilikuwa imenyooka sana."

"Sasa mbona ulisema tulikuwa pamoja?"

"Mke wangu alikuwa amekaa pale." Akazungusha gurudumu, akalisikiliza. "Angekuchukia. Halafu ungeacha kuja kanisani, nami ningekosa mtu wa kunipeleka mlimani."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwomba ruhusa nikamweleze mkewe mwenyewe, na nilikwenda jikoni nikamweleza. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniwekea ugali na sombe, akaketi mbele yangu mpaka nilipomaliza, bila kuzungumza. Ilichukua karibu mwaka kabla hajaniita shemeji tena.

Watu wa Utah wanamkumbuka Philip Boit wa Kenya kwa kuwa alishindana kwao katika Olimpiki ya mwaka 2002. Mimi namkumbuka kwa ile ya Nagano ya mwaka 1998, mbio za kilomita 10 kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, na bado alikuwa pale kwenye mstari wa mwisho, amemngoja, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Nimeitazama picha ya kumbatio lile mara nyingi, na jicho langu huenda kwa Dæhlie. Wengine walikuwa tayari na medali za kutoa. Yeye alikuwa amesimama kwenye baridi anatazama njia.

Bado natafuta unga. Sikuona sababu ya kuacha, na Fundi angenikasirikia. Bado naamka saa kumi, bado naitafuta lifti ya polepole, bado nakula mkate wangu saa sita wengine wakiwa kwenye supu. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja wetu ana filimbi shingoni, tunashuka hatua chache chache, kisha mmoja anasimama mahali anapoonekana na kumngoja mwenzake. Ni utaratibu unaochukua muda. Mara nyingi, nikiwa nimesimama kando ya mti, vijana watatu au wanne hunipita na kuukata ule mteremko nilioupigia hesabu tangu usiku. Nisiseme kwamba hainiumi. Huniuma mpaka leo.

Jumamosi iliyopita nilisimama hivyo, theluji inaanguka taratibu bila upepo. Kwanza nilimsikia kabla sijamwona, maana Fundi huimba nyimbo za kwaya akiteleza, sauti ya nne, na huvuta pumzi kila anapokunja kona. Akatokea kati ya misonobari, mweupe kuanzia kofia hadi viatu, akasimama kando yangu na kuutazama mteremko uliojaa mistari ya watu.

"Yaya," akasema, "wametubakizia?"

Nilimwonyesha kipande chini ya mwamba, upana wa shuka la kitanda hivi, ambacho hakuna aliyekigusa.

"Tangulia," nikamwambia.