Kitunguu cha Mama

Kwetu sisi wanafunzi wa isimu, tafsiri sisisi ni kosa la mtihani: mwalimu anapiga mstari mwekundu, unapoteza alama mbili, basi. Mwaka jana nilifanya kosa hilo nje ya darasa, na aliyelilipia ni mama yangu.

Mama anauza nyanya na vitunguu katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Kwa miaka mingi kifundo cha kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kikitokeza upande wa ndani, huku kidole chenyewe kikiegemea cha pili. Jioni, akivua viatu, kifundo kilikuwa chekundu na cha moto. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akatazama mara moja, akasema: « Hallux valgus. Un oignon, quoi. » Mama akanigeukia. Nami, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, nikajibu: « Ni kitunguu, mama. »

Mama akacheka. « Bitunguu njo niko nauzisha, na sasa binaota mu muguu yangu? »

Nilicheka pia. Nilimtafsiria habari ya viatu vipana na dawa ya maumivu, kisha nikakimbilia somo. Lakini kilichobaki kichwani mwake ni lile neno moja. Kwa muuzaji wa vitunguu, kitunguu ni kitu kinachoota, kina mizizi, na huondoka kwa kung'olewa. Wiki mbili baadaye alimruhusu jirani akipasue kwa wembe ili mzizi utoke. Mzizi haukutoka. Ilitoka damu, kisha usaha, na meza yake sokoni ikakaa tupu mwezi mzima.

Kidonda kilipopona tulikwenda kwa daktari mwingine, na safari hii nilimwomba achore. Kumbe hakuna kilichoota. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba umehama kuelekea ndani, kidole kimepinda kuelekea wenzake, na kile tunachokiona ni kichwa cha mfupa uleule aliozaliwa nao, pamoja na ngozi na nyama laini iliyovimba kwa kusuguliwa na kiatu. Umbo la mguu unaoelekea kupinda hivyo mara nyingi hurithiwa; viatu vyembamba na vya kisigino kirefu huuzidisha. Kiatu kipana mbele, kipande laini cha kukinga kifundo, barafu na dawa hupunguza maumivu, lakini havinyoshi mfupa. Kinachounyosha ni upasuaji tu, nao hufanywa pale maumivu yanapozuia mtu kutembea, si kwa ajili ya sura ya mguu.

Usiku huo nilirudia somo langu. Wafaransa wanaposema *oignon* hawafikirii tena mboga. Sitiari hiyo imekufa zamani. Nilipoihamishia katika Kiswahili, ilifufuka, ikaja na mizizi yake. Jina la Kilatini lilikuwa aminifu zaidi: *hallux* ni kidole gumba cha mguu, *valgus* ni kilichopinda kuelekea nje. Halitaji kitu kipya mwilini. Linasema kitu cha zamani kimeacha njia yake. Mimi nilitafuta nomino, na ugonjwa ulihitaji kitenzi.

Nikamwambia mama upya: « Hakuna kitu cha kutoa. Mufupa ilihama. » Alinyamaza, akautazama mguu, akauliza: « Njo maana mama yangu pia alikuwa nayo? » Nikasema ndiyo. Kisha akautazama wangu.

Sasa anavaa viatu vya kiume, vipana, na wateja wakimcheka anawaeleza: « Mufupa ilihama. » Juzi alimkataza mwenzake wa meza ya pili kwenda kwa mwenye wembe. Mimi nimeacha viatu vyangu vyembamba vya sherehe. Kifundo changu cha kulia kimeanza kutokeza.