Longi Yangu na Mini Yako Ni Kesi Moja

Wasee, leo tuongee nguo. Haswa nyinyi mabinti wenzangu mnaotaka kuanza kuvaa kiume na hamjui mtaanzia wapi. Mimi navaa hivi tangu nimalize sekondari, miaka mitano sasa, na swali ninaloulizwa ni lile lile kila wakati: nianze na nini? Jibu fupi ni bega. Jibu refu ndilo hili, na likiisha kuna maneno mengine ambayo hayahusu bega kabisa.

Wengi wakisikia kuvaa kiume wanafikiria kuvaa kubwa. Ati ukichukua tisheti ya brathe yako inayofika magotini, kazi imeisha. Hiyo tisheti inakuficha tu. Angalia mwanaume yeyote unayemwona mtaani ukasema huyu ametokea: mshono wa bega la shati lake umekaa pale mfupa wa bega unapoishia. Bega likikaa, mikono na kiuno cha shati fundi atarekebisha kwa pesa kidogo. Bega likishuka hadi katikati ya mkono, kulipandisha ni kufumua nusu ya shati, na hapo heri ungenunua lingine. Kama mabega yako ni madogo, pitia upande wa vijana wa shule. Hakuna mtu atasoma lebo iliyo ndani ya kola yako.

Longi za kiume zinapimwa kwa inchi, kiuno na urefu wa mguu, kwa hivyo nunua tepu na ujipime kabla ya kutoka nyumbani. Kama umebarikiwa hipsi, chagua longi inayopita hapo bila mifuko kufunuka kama masikio, hata kama kiuno kinabaki kikubwa. Kiuno kinapunguzwa, hipsi hazipunguzwi. Mkato ulionyooka unakaa poa kuliko ile ya kubana mapaja. Viatu vya wanaume mara nyingi vinaanzia 39 au 40, so ukivaa 37 usihangaike, vya wavulana viko.

Mimi soko langu ni Gikomba, na Toi nikiwa upande wa Ngong Road. Mnajua vile huenda: belo likifunguliwa kamera zinatoka kwanza kwa bei ya juu, na jioni inabaki fagia. Hauhitaji nguo kumi. Mashati mawili yanayokukaa, longi moja nyeusi au ya kaki, mshipi mzuri na viatu vilivyopigwa rangi vinatosha kuanza. Pesa inayobaki mpelekee fundi. Muuzaji atakuuliza, "Unachagulia mzee?" Mwambie ni yako, kwa sauti ya kawaida tu. Ukirudi mara ya tatu utamkuta amekuwekea saizi yako kando. Biashara ni biashara.

Vitu vidogo sasa. Vifungo vya shati la kiume viko upande wa kulia, vyenu vimezoea kushoto, kwa hivyo wiki ya kwanza vidole vitababaika. Kunyoa si lazima, matuta yaliyolala vizuri nyuma yanaenda na kola bila shida. Ukiamua kunyoa, beba picha. Kuna vinyozi wakiona ni msichana wanaacha kingo zikiwa zimelegea bila kukuuliza. Kama unataka zikatwe mraba, sema kabla mashine haijawaka.

Kifua je? Sidiria ya michezo inayokukaa inatosha kwa siku nyingi, na shati la kitambaa kizito linasaidia. Bandeji usijifunge, selotepu ndiyo kabisa usiguse. Vitu hivyo vinabana mbavu, vinachuna ngozi, na vinakunyima pumzi ukipanda tu ngazi za flati. Hakuna shati la thamani ya pumzi zako.

Haya, nguo tumemaliza. Watu sasa.

Makanga ananiita "boss" nikipanda, nikitoa sauti kulipa anasema "pole madam." Hiyo nimezoea, hata inanichekesha. Nyumbani ndiko kazi iliko. Mwaka jana binamu yangu aliolewa na wasichana wote wa familia tukanunuliwa kitenge kimoja, kila mtu apeleke kwa fundi ashonewe gauni. Nikamwambia mathe mimi nitashona shati na longi. Akanyamaza hadi chai ikapoa. Halafu akasema, "Basi mwambie fundi ashone vizuri. Usituaibishe na mshono."

Siku ya harusi shosho alishika mkono wa shati, akapapasa kitambaa, akauliza hii mifuko inaingia nini. Nikamwonyesha. Akanipa simu yake, dawa zake za presha na leso. Siku nzima nikawa mkoba wa shosho. Shangazi yangu mkubwa naye hakunisalimia toka asubuhi hadi keki ikakatwa, na mpaka leo tukikutana ananipita kama mlingoti wa stima. Nawaambia yote mawili ili usije ukadhani ukivaa vizuri kila mtu atakubali. Wengine hawatakubali, hata bega likae namna gani.

Kwa hivyo piga hesabu yako. Kama bado unalipiwa fee na unajua kuvaa hivyo kutakutoa nyumbani, anza na saa, raba, shati moja. Hakuna atakayekupa medali kwa kulala nje. Na kuna lile swali la sauti ya chini, "Kwani wewe ni...?" Huwa hawamalizi. Tunaovaa hivi tuko wa kila aina. Kuna wenye mabwana, kuna wasiotaka mabwana, kuna wanaojijua kuwa wanaume, kuna wanaotaka tu mfuko unaomeza simu nzima. Mtu wa steji haumdai jibu na yeye hakudai. Ukiona mbogi imeanza kukuzunguka, ondoka. Kesho utavaa tena.

Sasa lile nililosema halihusu bega. Kuna tabia imeingia kwetu sisi mabinti wa longi na sipendi. Msichana anavaa shati la kiume Jumatatu, Ijumaa anaanza kuwacheka wenye kucha ndefu na wigi. "Mimi si kama hao madem wengine." Anawaita malaya kwa sababu ya mini. Anaongea juu yao vile wanaume wabaya wa mtaa wake wanaongea juu yake. Alienda kuchukua shati, akabeba na dharau iliyokuwa mfukoni.

Mnakumbuka 2014? Mimi nilikuwa primary. Mwezi wa Novemba mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye steji katikati ya Nairobi, wakidai amevaa vibaya, na video ikazunguka nchi nzima. Tarehe 17 wanawake waliingia barabarani, maandamano yakabeba jina la My Dress My Choice. Kabla mwaka uishe, Bunge lilikuwa limepitisha sheria inayofanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa lake lenyewe. Yule mwanamke hakuwa amevaa longi. Lakini mimi nikipita steji hiyo na shati langu na mshipi wangu, ile sheria inanilinda pia.

Ama tuvuke mpaka. Malawi, wakati wa Kamuzu Banda, kulikuwa na sheria ya mavazi ya mwaka 1973. Ilikataza mwanamke kuvaa longi, na ilikataza sketi inayoishia juu ya magoti. Zote mbili, sheria moja. Ilikuja kuondolewa miaka ya tisini, utawala wake ulipokuwa unafika mwisho. Yaani aliyeiandika hakuona tofauti kati yangu na dem wa mini. Kwake sote tulikuwa na kosa moja, kuchagua wenyewe.

Ndiyo maana yule anayecheka mini ananishangaza. Siku wakija kusema mini ni aibu, usidhani watasimama hapo. Wakimaliza na yeye watakupima wewe kutoka viatu hadi kichwani, na mtu ambaye angekutetea utakuwa umeshamtukana.

Haya. Kajipime bega, utafute fundi mzuri, na ukikutana na dem amevaa kagauni kake kafupi mwambie ametokea. Ukiwa na swali la saizi au kinyozi wa bei poa uliza, nitajibu. Na wewe uliyeanza zamani, sema kitu cha kwanza ulichonunua kilikuwa nini. Wanaoanza wanasoma.