Daftari la Kijana wa Kipaimara



Wapendwa, juma hili twaanza kwa kukiri kosa. Katika darasa la Kipaimara hapa Bunda tulimkuta kijana mmoja akichora wakati katekista akifundisha juu ya Mapaji ya Roho Mtakatifu. Tulimnyang'anya daftari mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba hapa si mahali pa mchezo. Baba yake alipokuja tulitazamia alalamike. Kumbe alikuja kutushukuru: "Afadhali umemwambia wewe, Baba Paroko. Mimi nimechoka. Nataka asome, yeye anachora tu."

Usiku ule tulilifungua lile daftari. Juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika "Mwigobero", jina la mwalo wa Musoma. Katika pembe ya kila ukurasa palikuwa na mtumbwi, mdogo kama ukucha. Tulipozipeperusha kurasa kwa kidole gumba, mtumbwi ukang'oa nanga, ukapanda wimbi, ukashuka, tanga likajaa upepo. Tulirudia mara nne au tano, peke yetu, tukicheka kama mtoto.

Hiyo ndiyo siri ya katuni zote za televisheni. Picha hazitembei, ni jicho letu linaloziunganisha. Sekunde moja ya televisheni yetu hubeba picha 25. Hadithi ya dakika 8 yahitaji picha 12,000. Na hata fundi akiitumia kila picha mara mbili, bado anabaki na 6,000 za kuchora au kupanga, moja baada ya nyingine. Yule tuliyemdhania mvivu alikuwa ameanza kazi isiyowezwa na mvivu.

Tukatafuta habari za waliokwisha kuipita njia hiyo. Katika nchi jirani ya Kongo tulimkuta Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, aliyezaliwa mwaka 1957. Alisomea maigizo Kinshasa, kisha mwaka 1988 akajifunza kazi ya katuni kwa mafundi waliotoka Ubelgiji. Akaanzisha studio ya kusafiri, akaiita Malembe Maa. Kwa Kilingala, "malembe" ni polepole. Mwaka 1991 akatoa hadithi ya chura aliyekwenda ukweni, iliyotoka katika masimulizi ya watu wake, Watetela. Wanajeshi walipoupora mji wa Kinshasa mwezi Septemba mwaka huohuo, aliisimulia habari hiyo kwa michoro ya watoto. Mwaka 1999 akamleta kwenye filamu mtoto wa mitaani. Wala hakuuficha ujuzi wake, bali alizunguka akiwafundisha vijana kuzitembeza hadithi zao wenyewe. Huyo ni fundi na mwalimu kwa pamoja.

Jambo lililotuchoma zaidi ni hili: kabla yake, katika miaka ya 1950, aliyetengeneza katuni hukohuko Kongo alikuwa padre, Alexandre Van den Heuvel, mmisionari wa Scheut. Alimchora paa mdogo aitwaye Mboloko, mjanja kama sungura wetu. Padre mwenzetu alishika kalamu. Sisi tukanyang'anya daftari.

Na yule baba anayetaka mwanawe asome, tungemjibu nini? Tungemkumbusha kwamba tangu mwaka 2014 watoto wa nchi hii wamekuwa wakijifunza hesabu kwa Kiswahili mbele ya televisheni, kwa katuni za Ubongo Kids zilizotengenezwa Dar es Salaam. Kuna mtu aliyeketi akazichora. Naye pia aliwahi kuwa mtoto mwenye daftari.

Juzi tulikwenda Butiama kusali kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Yasimuliwa kwamba Mtemi Ihunyo alimwona mtoto wa Mtemi Burito akicheza bao, akatambua akili yake, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto huyo akaanza Mwisenge, Musoma. Mtemi Ihunyo angeweza kumkemea aache mchezo. Alitazama mchezo, akamwona mtu.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, mtumishi aliyeogopa aliifukia talanta yake ardhini. Kwa miaka mingi tumehubiri juu ya mtumishi huyo. Hatukuwahi kujiuliza ikiwa kuna aliyemtia hofu, na ikiwa huyo hakuwa amevaa kanzu nyeupe.

Wazazi na walezi, tusiwe na haraka ya kuita mchezo kile tusichokielewa. Kijana asome, naam, na nidhamu ya darasani ibaki. Lakini apewe pia penseli na mwalimu.

Daftari bado liko mezani petu. Jumapili, baada ya Misa ya pili, tutamrudishia mbele ya wenzake walewale, na kumwomba msamaha. Kurasa zake zimekwisha, na mtumbwi haujafika ng'ambo. Tumemnunulia jingine.

Mungu awabariki.